Watoto Watano Wasiomo Kitabuni

Mwanahistoria niliyemfanyia kazi hakuwahi kumuuliza mtu vita vilifika kwao tarehe gani. Aliuliza mlikuwa mnapika nini. Tarehe, alisema, watu huziokota redioni, lakini chungu kilichoachwa motoni hakuna anayekisahau. Basi kwenye sebule za Columbus na Louisville, huku Marekani, baada ya salamu na soda, nilimsikia akiuliza kwa sauti ya mtu anayesubiri kukaribishwa mezani: "Siku ile, jikoni kulikuwa na nini?" Na watu wazima waliokaa wamejikaza walilegea mabega. Maharage, wangesema. Yalikuwa hayajaiva. Kutokana na maharage mabichi yeye alipata saa, kutokana na mahindi ya kuchoma alipata mwezi, na akishaweka majiko kumi pamoja aliweza kukuambia kikosi kilipita kilima gani asubuhi na kilima gani jioni.

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake. Alikuwa amefundisha sekondari Uvira kabla ya kukimbia, akasoma upya ukubwani, akapata kazi kwenye chuo kimoja cha Buffalo, na kwa miaka mingi alikuwa akiandika kitabu kimoja tu, kuhusu vita vya mashariki ya Kongo kama vilivyoonwa kutoka jikoni. Mimi nilimwita Profesa. Wamama walimwita Mwalimu, na hilo ndilo alilolipenda.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Niliishi na mama yangu kwenye nyumba za kupanga karibu na Morse Road, Columbus. Siku za kazi nilifunga vifurushi ghalani, na moyoni nilijiona mwandishi wa riwaya ingawa sikuwa nimemaliza hata sura moja. Profesa alikuja kwetu kwa sababu mama yangu aliijua kila familia kanisani. Mama alimkalisha, akamwekea sahani, akamtazama akila.

"Profesa, unaandika vita, vita," alimwambia. "Mke utaandika lini?"

"Mama, nimeandika maombi mengi. Hayajajibiwa."

"Unatumia wino gani? Wanawake wanasoma mwandiko."

Profesa alicheka mpaka akakohoa. Kabla hajaondoka alikuwa ameniajiri: nibebe kinasa sauti, niwasomee mashahidi fomu, kisha nisikilize sauti na kuziandika neno kwa neno. Niliona ni bahati kubwa. Nilidhani mtu akisikiliza majonzi ya kutosha atageuka kuwa mwandishi.

Fomu ilitoka kwenye kamati ya maadili ya chuo chake. Ilikuwa na visanduku viwili. Ukitia alama ya vema kwenye cha kwanza, majina yote yafichwe. Kwenye cha pili, majina yatajwe. Shahidi alichagua kabla hatujawasha kinasa sauti. Aliyechagua kufichwa alipewa namba, na kitabu kikishaenda kwa wachapishaji, sauti yake ingefutwa na orodha ya majina yote aliyoyataja ingekatwakatwa kwenye mashine. Ilikuwa sheria nzuri. Bado naiona nzuri.

Columbus nzima ilichagua kufichwa. Huyu ana shemeji kambini anayengoja safari. Yule ana kaka aliyebaki mlimani. Mwingine anasali kanisa moja na mtu wa upande wa pili, na wananunua unga duka moja hapo Morse Road, wanasalimiana, "Bwana asifiwe," kila mmoja anajua. Mzee mmoja aliniambia: "Binti, weka kwa kuficha. Hata usiulize." Nilikariri maneno yale kama somo. Nikaacha kuuliza.

Jumamosi kabla ya safari ya Louisville nilikaa kwenye meza ya jikoni na rundo la fomu, nikatia alama kwenye kisanduku cha kwanza, fomu baada ya fomu, ili kule twende haraka. Mama yangu alikuwa anamenya ndizi.

"Unafanya nini hapo?"

"Napunguza kazi."

Alinyoosha shingo akaona. "Ah! Kama yule nesi wa kambini. Hujakaa kwenye benchi, ameshaandika malaria."

Tulicheka sote wawili. Nesi huyo tulimkumbuka vizuri. Nilipovunjika kidole aliniandikia malaria. Nikamaliza rundo lote.

*

Mama wa Louisville alikuwa mtu wa nyanda za juu za Kivu Kusini. Alikunja mashuka kwenye hoteli moja ya mjini, na mikono yake ilinukia sabuni. Alikuwa na binti mmoja, umri wa miaka kumi na saba, aliyekaa pembeni na simu yake, akisemeshwa Kiswahili anajibu Kiingereza. Nilimsomea mama fomu. Sikumsomea yote. Nilisema karatasi hii ni ya kukubali kuongea, tutakulinda, weka sahihi hapa. Hakujua kusoma, alichora msalaba mdogo, akaupulizia kama vile wino ungemwagika.

Profesa aliuliza swali lake la jikoni.

"Sikuwa nimepika," alisema, kwa Kiswahili cha kwao chenye vijineno vya Kifaransa. "Maziwa ilikuwa mu kibuyu. Nilikuwa nangoja igande."

Alisimulia hadi kivuli cha pazia kikahama kutoka ukutani hadi kwenye zulia. Sitarudia aliyosema, yamo kitabuni, na yameandikwa vizuri. Nitasema tu kwamba alikuwa na watoto sita siku ile, na jioni alikuwa na mmoja, aliyekuwa mgongoni. Huyo ndiye aliyekaa pale na simu. Wakati wote ule hakutazama simu tena.

Kisha mama akayasema majina. Kwao jina si urithi wa babu. Ni sentensi nzima ambayo mzazi anamwambia Mungu, au jirani, au mume. Aliyasema matano kwa mpangilio, polepole, kwa sauti ya mtu aliyesimama mlangoni anawaita waingie kwa sababu mvua inakuja. Na kila jina alieleza lilitoka wapi. La kwanza lilikuwa shukrani ya mvua. La pili lilikuwa jina la bibi yangu mwenyewe, mzaa baba, nikainua macho kutoka kwenye daftari. La tatu, la nne. La tano lilikuwa jibu kwa mama mkwe wake aliyesema hatazaa tena, na alipolitamka alicheka. Kicheko cha kweli. Binti yake alishtuka kuliko alivyoshtuka kwa yote yaliyotangulia.

"Huyu hajasikiaka hii majina," mama alituambia, akimwonyesha binti kwa kidevu. "Mu hii nyumba siwaite. Mtoto ukimwita asiitike, nyumba inasikia. Lakini mu kitabu, bon, kitabu haina masikio." Kisha akamgeukia Profesa. "Mwalimu, donc, majina ya batoto itaingia? Yangu munaweza kuacha. Miye niko hapa, watu bananiona."

"Kama umekubali kwenye karatasi, Mama, yataingia yote."

Profesa akanitazama. Sekunde moja. Nami nikaitikia kwa kichwa.

Fomu tupu ilikuwepo, moja iliyosalia nje ya lile rundo, kwenye mkoba wangu. Ningeweza kuitoa. Lakini mama alikuwa ameshasimama kuleta ugali na sombe, ndiyo kisamvu, na maji ya kunawa, na niliona aibu kusema mbele ya Profesa kwamba nilikuwa nimejaza kabla. Tulikula. Alituongezea mara mbili. Tulipokuwa tunavuka daraja la Cincinnati kurudi Ohio nikakumbuka tena, nikajiambia nitampigia simu kesho nirekebishe. Kesho yake nilikuwa ghalani. Keshokutwa pia.

Nilipofika kwenye sauti yake, wiki kadhaa baadaye, nikiwa na vipokea sauti masikioni, niliandika kama fomu ilivyoniagiza: mtoto wa kwanza, mtoto wa pili, mtoto wa tatu. Naomba nieleweke. Sikuwa nimesahau. Nilijua ninachofanya, vidole vikaendelea.

*

Kitabu kilipoenda kwa wachapishaji nilipanda basi hadi Buffalo kumsaidia Profesa kufunga kazi. Alifuta sauti mwenyewe, moja moja, akiinamisha kichwa kidogo kila mara kama anayeaga. Orodha na madaftari aliniachia mimi. Mashine ya kukata karatasi ilikuwa koridoni. Ilikuwa na njaa. Ilivuta karatasi kutoka mkononi kabla hujaisukuma.

Kitabu kilisifiwa. Mhakiki mmoja alisema uzuri wake mkubwa ni jinsi kinavyowalinda mashahidi.

Profesa alimtumia kila shahidi nakala. Mama wa Louisville aliipokea, akaifunga kwenye kitambaa, akaenda nayo kanisani Jumapili ya shukrani. Aliiweka mbele, palipowekwa matunda na unga wa watu wengine. Kisha akamwita binti yake mbele ya wote asome majina. Hayo yote alinieleza binti kwa simu, Jumatatu, kwa Kiingereza, bila kupandisha sauti.

"Nilitafuta ukurasa," alisema. "Nikasoma kwa Kiingereza, nikatafsiri. Mtoto wa kwanza. Mtoto wa pili. Akaniambia soma tena. Nikasoma tena. Akaniambia, wewe hujui kusoma. Akampa mchungaji."

"Mchungaji akasoma nini?"

"Kilekile. Unadhani angesoma nini?"

Nilibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Kwaya ilikuwa imesimama inangoja," alisema. "Mama akachukua kitabu, akakirudisha kwenye kitambaa. Anauliza: wamekaa ukurasa gani? Anadhani tumekosea ukurasa."

*

Sikuweza kumwambia Profesa kwa simu. Nilipanda basi tena, saa nyingi za theluji chafu kandokando ya barabara, nikamkuta ofisini kwake anasahihisha mitihani. Nilisema nikiwa nimesimama.

"Ulijaza lini?" aliuliza.

"Kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla hajaongea. Kabla hatujamwona. Jumamosi, nyumbani."

Alinyanyuka, akachukua koti lake kwenye msumari kama anayetaka kutoka, akalirudisha. Akakaa. Akachukua kalamu nyekundu, akaitazama.

"Niliona kichwa chako," alisema hatimaye. "Siku ile. Niliona umeitikia vibaya. Mimi ninayewauliza watu maharage yaliiva au hayakuiva. Nikaona, nikala ugali."

Hakunifokea hata neno moja. Afadhali angefoka. Aliwaandikia wachapishaji, wakajibu kwamba ukurasa unaweza kuongezwa kwenye toleo lijalo, iwapo mama atatoa majina tena na kuweka sahihi mpya. Basi tulifunga safari kwa gari lake, Buffalo hadi Columbus siku ya kwanza, Columbus hadi Louisville siku ya pili. Kwa mama yangu tulilala. Alipika, akatazama nyuso zetu, na kwa mara ya kwanza hakumtania Profesa kuhusu mke. Asubuhi, tukiwa tunaondoka, aliniambia mlangoni, kwa sauti ndogo: "Na mimi nilicheka. Mwambie mama yule na mimi nilicheka."

Mama wa Louisville alitufungulia, akatukaribisha, akatupa maji ya kunawa. Kwanza tulikula. Nilikuwa nimejiandaa kwa mlango uliofungwa, sikuwa nimejiandaa kwa sombe. Kisha Profesa alishuka kwenye kochi akapiga magoti juu ya zulia, mtu mzima mwenye mvi, akasema, "Mama, tumekukosea." Nami nikapiga magoti kando yake, nikaeleza visanduku viwili, Jumamosi, rundo, kicheko. Nilieleza vyote. Binti yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

Profesa akaweka kinasa sauti mezani na fomu mpya, visanduku vyote vitupu. "Utuambie tena, Mama. Safari hii mimi mwenyewe ndiye nitakayeandika."

Mama alivitazama. Hakuvigusa.

"Hapana, Mwalimu."

"Mama..."

"Nilisema mara moja. Nguvu ya kusema ilikuwa ya mara moja. Niliwapa nyinyi, mukabeba, mukaenda nao. Sasa munaniuliza miye? Munileteye."

"Sauti imefutwa, Mama."

"Nasikia. Munileteye."

Hapo nikasema, nikidhani naokoa kitu: "Mimi nakumbuka watatu, Mama. Wa kwanza, wa pili na wa tano."

Alinigeukia. Nilikuwa nimeona uso ule ukisimulia mambo ambayo sitayarudia, lakini haukuwa hivi.

"Watatu," alisema. "Naita watatu waje kula, wawili nawaacha pa mlango? Nitawaambia nini, wale wawili? Usiwaseme. Unasikia? Hata kwa huyu usiwaseme." Alimwonyesha binti yake. "Ukipata wote, hapo njo useme."

Binti alitoka. Tulisikia mlango wa nje ukifungwa taratibu, kwa adabu, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angeubamiza.

*

Profesa hakuandika kitabu kingine. Alikuwa na kingine karibu nusu, masanduku ya maelezo kutoka kambi mbili, aliyarudishia chuo. Alialikwa kuzungumza juu ya kile cha kwanza, akaenda mara moja, akarudi, akaacha. Aliendelea kufundisha hadi alipostaafu, na mwanafunzi wake mmoja aliniambia kwamba kwenye somo la kwanza la kila muhula aliwagawia fomu tupu, akawaacha waitazame kwa muda mrefu. Sasa yuko Buffalo na mche wake wa nyanya dirishani. Nikimpigia ananiuliza nimekula nini. Namwambia. Najua anahesabu saa.

Mimi nimekuwa mwandishi. Nimejaribu kuyapata yale majina mawili kwa njia zote anazozijua mwandishi: kwa kukaa kimya, kwa kurudi kwenye chumba kile moyoni, kivuli cha pazia, harufu ya sabuni. Huwa nafika mpaka kwenye pumzi aliyovuta kabla ya jina la tatu. Baada ya hapo nasikia vidole vyangu tu vikigonga kibodi.

Binti alihamia Westerville, karibu na kwetu, anafanya kazi ya kuwatunza wazee. Mara moja aliniomba kwenye maegesho ya duka, kwa Kiswahili safari hii, Kiswahili chake kilichopinda: "Niambie wale watatu tu. Ni ndugu zangu." Nilikuwa nimeshika mfuko wa unga. Nikasema siwezi. Akasema, "Weye njo ulijaza, na sasa weye njo unakataza." Ndiwe uliyejaza, ndiwe unayekataza: maneno hayo nilikwenda nayo hadi nyumbani.

Kila mwaka naenda Louisville. Kila mwaka mama ananilisha, ananiacha nimalize, kisha anauliza, "Umeshapata?"

"Bado, Mama."

"Bon. Ongeza sombe."

Mwaka huu nilikwenda na binti yake. Mama ameacha kazi ya mashuka. Mikono yake hainukii tena sabuni. Tulikula. Nilimaliza. Niliweka kijiko nikingoja swali, lakini halikuja. Alikuwa anatazama meza.

"Umeshapata?" aliuliza mwishowe, na sauti yake haikuwa ile ya kila mwaka.

"Bado, Mama."

"Hata miye," alisema. "Mmoja ananipotea. Tangu baridi. Nikianza kuwaita kimoyomoyo nafika kwake, naona miguu yake, vumbi mu miguu, lakini jina hapana." Akanisogelea. "Bon. Sema wako. Sema haraka."

Nikawasema. Wa kwanza. Wa pili. Wa tano. Kila jina nilipolitoa niliuona uso wake ukingoja, ukilipokea, ukiendelea kungoja. Nilipomaliza bado alikuwa anangoja.

"Ni wa ngapi, Mama, anayepotea?"

"Wa nne."

Mimi wa nne sikuwa naye. Profesa hakuwa naye. Alikuwa amepita kwenye mashine ile ya koridoni, mkononi mwangu.

Mama alisogeza sahani yake pembeni. Kisha alimtazama binti yake, akasema jina la tatu, lile ambalo lilikuwa limebaki kwake peke yake, akalisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaomba chumvi. Binti aliweka kijiko chini. Akayarudia yote manne, kwanza kwa makosa, mama akamsahihisha, kisha sawasawa. Katika nyumba ile ambamo hayakuwahi kuitwa, yaliitwa. Hakuna aliyeitika, na tulisikia sote.

Nilitoa daftari. Mama akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Usiandike. Yule akirudi, utaandika wote."

Ndiyo sababu humu hamna jina hata moja. Jana binti alimpigia mama yake simu, nami nilikuwa kando yake. Alimuuliza kama wa nne amerudi.

Bado hajarudi.